Jack LaLanne wa televisheni ya Marekani: je, ni kweli alivuta mashua akiwa amefungwa pingu?

MkaziWaTabata aliuliza:

Habari za jioni, wanajamvi. Mimi ni mhasibu mwenye umri wa miaka 54, mkazi wa Tabata, na tangu mwaka jana nimejiunga na klabu ya jogging ya mtaani kwetu baada ya daktari kuniambia kwamba sukari imeanza kupanda na kwamba kitambi nilichokuwa nakiita cha heshima si cha heshima tena. Jumamosi iliyopita, tulipomaliza kukimbia na kukaa chini ya mwembe tukipoa, kocha wetu, ambaye ni kijana mdogo, alitusimulia habari za Mmarekani aitwaye Jack LaLanne, aliyefundisha mazoezi ya viungo kwenye televisheni kwa miaka 34 na ambaye, akiwa na umri wa miaka 60, aliogelea baharini akiwa amefungwa pingu huku akivuta mashua. Wazee wawili walicheka mpaka wakakohoa, na mmoja wao akasema kwamba hadithi hiyo ingemfaa Abunuwasi.

Ubishi ule haukuisha, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeaminika kuwa na subira ya kusoma, nimepewa kazi ya kuzungumza kwa dakika kumi Jumamosi ijayo kuhusu maisha ya mtu huyu. Sitaki kusimama mbele ya watu wazima wenzangu nikasema uongo. Ninaomba mwenye kumfahamu anieleze alianzia wapi na kama hayo ya pingu ni ya kweli. Hata hivyo linalonisumbua zaidi ni hiyo miaka 34. Hapa kwetu nimeona vipindi vya viungo vikianzishwa asubuhi kwa mbwembwe na kutoweka kabla hata hatujalishika jina la mwalimu. Yeye aliwezaje?

MwalimuMstaafu_Temeke alijibu:

Ndugu yangu wa Tabata, nimefundisha michezo katika shule za msingi kwa miaka 31, nikiongoza mchakamchaka alfajiri pamoja na vipindi vya viungo vya darasa zima, na mtu huyu nilianza kusoma habari zake tangu nikiwa chuoni. Wengi wetu Bara hatukumwona kwa sababu iliyo wazi: kipindi chake kilikoma mwaka 1985, nasi vituo vya televisheni tulianza kuvipata mwaka 1994. Wenzetu wa Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini kwa upande wa televisheni, lakini sijamsikia Mzanzibari yeyote akisema kwamba alimwona.

Alizaliwa San Francisco tarehe 26 Septemba 1914, na wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ufaransa. Ukimsikia mtu akisema kwamba alizaliwa na nguvu zake, mkatalie. Utotoni alikuwa mgonjwa wa kila mara, mwenye chunusi na majipu, mwenye hasira zisizozuilika, na mlevi wa sukari kwa maana halisi ya neno hilo, kwa kuwa keki na aiskrimu ndivyo vilivyokuwa chakula chake. Alipokuwa na miaka 15 mama yake alimpeleka Oakland kumsikiliza Paul Bragg, mhubiri wa lishe aliyekuwa akizunguka mijini kutoa mihadhara. Kama LaLanne alivyozoea kusimulia mwenyewe, ukumbi ulikuwa umejaa, wakataka kurudi nyumbani, lakini mhadhiri akaagiza mama na mwana wapewe viti jukwaani. Kijana aliyejificha watu wasiuone uso wake akajikuta amekaa mbele ya ukumbi mzima, anaulizwa siku hiyo amekula nini. Alipotaja keki zake, aliambiwa kwamba yeye ni jalala linalotembea. Katika utumishi wangu wote sikuwahi kumwaibisha mtoto namna ile, na sishauri mwalimu yeyote afanye hivyo. Lakini yeye aliondoka pale akiwa ameapa kuacha sukari, na kwa maelezo yake hakuirudia tena.

Mwaka 1936, akiwa na miaka 21, alifungua ukumbi wa mazoezi mjini Oakland, ambao wengi wanauhesabu kuwa miongoni mwa kumbi za kwanza za aina tunayoijua leo. Nyakati hizo kunyanyua vyuma kulionekana ni kazi ya wacheza sarakasi. Madaktari waliwaonya watu kwamba wangepasuka moyo au kupungukiwa nguvu za kiume, na makocha waliamini kwamba mchezaji akinyanyua vyuma misuli itamkaza asiweze hata kurusha mpira, kiasi kwamba baadhi ya wachezaji walikwenda kwake usiku kwa kificho. Yeye aliwapokea wazee na akina mama pia, jambo ambalo lilionekana wazimu zaidi. Baba yake alikufa kwa ugonjwa wa moyo kabla ya kufikisha miaka 60, na ninadhani kifo hicho kilimfukuza maisha yake yote, ingawa hilo ni langu mimi.

Televisheni iliingia mwaka 1951, katika kituo cha KGO-TV cha San Francisco. Hakuna aliyemwita. Mwanzoni alilipia muda wa hewani kutoka mfukoni mwake, na kituo kilimpa robo saa ya asubuhi ambayo haikuwa na mwenyewe. Kuanzia mwaka 1959 kipindi kilisambazwa nchi nzima, na hapo ndipo jina lake lilipoingia majumbani.

Kuhusu pingu, waambie wazee wako waache kucheka. Mwaka 1954, akiwa na miaka 40, aliogelea chini ya maji urefu wote wa daraja la Golden Gate akiwa amebeba mitungi ya hewa na vifaa vyenye uzito wa kilo 63 hivi. Mwaka uliofuata aliogelea akiwa na pingu mikononi kutoka kisiwa cha Alcatraz hadi gati ya wavuvi ya San Francisco. Wakati huo Alcatraz ilikuwa bado gereza, na moja ya sababu za kuwaweka wafungwa sugu pale ni ubaridi wa maji yake pamoja na mikondo mikali inayokizunguka kisiwa. Safari ile inakaribia kilomita mbili au zaidi. Mlango wa bandari yetu, pale pantoni linapovuka kutoka Magogoni kwenda Kigamboni, ni kipande kidogo tu cha umbali huo, na maji yetu ni ya moto kama chai iliyopoa. Mwaka 1974, akiwa na miaka 60, aliirudia safari hiyo akiwa amefungwa mikono na miguu na huku akivuta mashua yenye uzito wa kilo 450 hivi. Alipofika miaka 70, mwaka 1984, alivuta mashua 70 zenye watu 70 katika bandari ya Long Beach kwa zaidi ya kilomita moja na nusu, bado akiwa amefungwa.

FundiMitambo alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwa makini na sina ugomvi na tarehe zako, lakini ningependa ndugu yetu wa Tabata asiende kuwatisha wanachama kwa uzito wa mashua, kwa sababu kilo 450 zinazoelea si kilo 450 zinazobebwa. Atakayekwenda Msasani asubuhi, wavuvi wanaporudi, atawaona vijana wawili wakiisukuma majini kwa viganja tu ngalawa ambayo mchangani inawahitaji watu wanane na wimbo. Kazi ya LaLanne ilikuwa kuiondoa mashua mahali iliposimama, kisha kuizuia isirudishwe na mkondo, na kufanya yote hayo mikono na miguu ikiwa imefungwa. Kwangu mimi ubaridi wa maji na umri wake ni ajabu kubwa kuliko mashua yenyewe.

Ninachokitilia shaka ni pushapu. Mwaka 1956 alipiga pushapu 1,033 kwa dakika 23 mbele ya kamera, na takwimu hiyo inarudiwa kila anapotajwa. Ukigawanya unapata 45 kwa kila dakika, bila kupumzika hata mara moja, yaani kila moja ilichukua sekunde moja na theluthi hivi. Sisemi kwamba alidanganya, maana watu walikuwa wanatazama. Nasema kwamba pushapu za kasi hiyo haziwezi kuwa zile ambazo kocha wa Tabata anawadai mfike chini mpaka kifua kiguse sakafu. Mwenye kubisha ajipime kwa dakika moja tu kisha arudi hapa atuambie.

Kwa sisi mafundi jina lake linasimama mahali pengine. Katika ukumbi wake wa Oakland alibuni mashine ambayo mtu anakaa na kunyoosha miguu dhidi ya uzito, akabuni mashine za roda na nyaya, na njia ya kuchagua uzito bila kufungua na kufunga vyuma kila mara, akimpelekea michoro fundi wa chuma amtengenezee. Leo ukiingia jimu yoyote ya Mikocheni au Kariakoo utakuta vizazi vya mashine hizo vimejipanga ukutani. Hakuziwekea hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu juu ya alichokibuni. Nimefanya kazi ya kuchomelea kwa miaka mingi, na nimewahi kutengeneza mashine ya roda kwa ajili ya jimu moja ya mtaani ambayo kabla ya hapo ilikuwa na makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Mwenye jimu alinilipa nusu, na hiyo nusu nyingine mpaka leo naisubiri. Kwa hiyo habari ya mtu aliyebuni vitu vinavyotumika dunia nzima na asipate senti ya hataza inaniuma kwa namna yake.

Lakini tusimfanye mtawa. Alikuwa mfanyabiashara hodari, aliyeuza mipira ya kuvuta, vyakula, vitamini, na uzeeni mashine za kukamulia juisi zilizompa umaarufu mpya kwa watu ambao hawakuzaliwa wakati kipindi chake kinaanza. Jina lake liliwekwa pia juu ya milango ya kumbi nyingi za mazoezi. Huwezi kueleza ile miaka 34 bila kuitaja biashara. Vipindi vyetu vinakufa kwa sababu mwalimu anasubiri posho ya kituo, na kituo kinasubiri mdhamini.

MamaKimara alijibu:

Wakubwa shikamooni. Biashara inaeleza jinsi alivyolipa bili, kaka Fundi, lakini haielezi kwa nini watu waliwasha televisheni. Binti yangu alinionyesha vipande vya kipindi hicho kwenye intaneti, vya rangi nyeusi na nyeupe, na nilivitazama jioni nzima nikasahau maharage jikoni yakashika.

Jukwaa lake halikuwa na kitu. Kulikuwa na sakafu, kiti cha kawaida cha nyumbani, na kinanda kinachopigwa pembeni. Yeye mwenyewe alivaa suti ya kipande kimoja iliyombana, na viatu vyepesi kama vya wacheza dansi. Anashika mgongo wa kiti, anarudisha mguu nyuma, anauinua, anaushusha, na wakati huohuo anazungumza na mtu mmoja. Hasemi na umati. Anamwambia mama aliyeko sebuleni kwamba anajua amechoka, kwamba watoto wamemsumbua, kwamba aweke ufagio chini kwa dakika chache tu. Kisha anapiga goti, anaisogelea kamera mpaka uso wake unajaa kwenye kioo, na anauliza kama jirani aliyepita mlangoni umeamkaje na jana ulikula nini. Mimi, niliyezaliwa Kimara miaka kadhaa baada ya vipande vile kurekodiwa, nilijikuta namjibu.

Alikuwa pia na mbwa mweupe aitwaye Happy, aliyewekwa mahsusi kwa ajili ya watoto. Mtoto anawasha televisheni amwone mbwa, na mwalimu anamwambia aende akamwite mama yake. Kwa ujanja huo alimpata mama kupitia kwa mtoto, na sijui kama kuna kituo hapa mjini kilichowahi kufikiria hivyo. Sisi tunawekewa wasichana sita wenye nguo za kung'aa wakiruka kwa muziki wa kasi, nami najitazama na goti langu hili nabadilisha chaneli. Yeye alichagua mazoezi ambayo mwanamke mwenye miaka 60 angeweza kuyafanya akiwa amevaa dera, kwa kifaa ambacho tayari kilikuwa nyumbani kwake. Taulo ilitosha kuwa kamba ya kuvuta. Yale ya pingu na mashua yalikuwa ngoma ya kuwaita watu waje. Walioitwa walipofika walikuta kiti.

Na usimsahau Elaine katika dakika zako kumi, ndugu wa Tabata. Alikuwa mfanyakazi wa kituo hichohicho cha San Francisco, mvutaji wa sigara na mpenzi wa donati, na siku za mwanzo alimwona yule bwana kama kituko. Baadaye aliacha sigara, wakaoana mwaka 1959, na akawa mwenzake kipindini na katika biashara zao, akaendelea na mazoezi na kuandika hata baada ya mumewe kufariki. Nina hakika kabisa kwamba bila yeye hesabu zisingekaa sawa, maana mwanamume anayefikiria mashua 70 hawezi kukumbuka kodi ya studio.

Sahihisho dogo pia, kwa kuwa kocha wenu huenda akasema kwamba LaLanne alikuwa wa kwanza kabisa. Mjini Cleveland mwanamke aitwaye Paige Palmer alikuwa na kipindi cha mazoezi cha televisheni kuanzia mwaka 1948. LaLanne anasifika kwa kudumu na kwa kuenea nchi nzima, na sifa hizo zinamtosha.

MuuguziWaZamu alijibu:

Naongeza upande mmoja ambao katika klabu za jogging hausemwi. LaLanne alifariki tarehe 23 Januari 2011 nyumbani kwake Morro Bay, California, kwa nimonia, akiwa na miaka 96. Familia yake ilieleza kwamba alikuwa mgonjwa kwa muda wa wiki nzima na alikataa kumwona daktari, na kwamba siku moja kabla ya kifo alifanya mazoezi yake kama kawaida. Watu husimulia jambo hilo kwa kujivunia. Mimi ninayewapokea wazee wenye homa ya siku saba ambao asubuhi hiyohiyo walikwenda kukimbia ili waitoe kwa jasho, siwezi kujivunia. Kifua kinachobana hakitolewi kwa pushapu.

Tena mwaka 2009 alifanyiwa upasuaji wa vali ya moyo, kwa hiyo hata mwili ule, uliofanya mazoezi kama saa mbili kila siku kwa miaka zaidi ya sabini, ulihitaji hospitali. Ndugu mhasibu, kwa kuwa umetaja sukari, ukizungumza naomba uwaambie wenzako wapime shinikizo la damu na sukari kabla ya kuanza kumwiga mtu yeyote, na wale wanaotumia dawa wasiziache kwa sababu wamejisikia wepesi.

Kwa upande wa chakula anafaa kuigwa kwa sehemu kubwa. Alikuwa akifananisha mazoezi na mfalme na lishe na malkia, akila milo miwili kwa siku bila kutafuna chochote katikati, na kuegemea mboga, matunda, samaki na ute wa mayai. Milo miwili simshauri mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa bila kumwuliza daktari wake. Lakini hilo la kutotafuna katikati linatuhusu sisi wa maofisini, kwa sababu chai ya saa nne ya Dar es Salaam, yenye sukari vijiko vinne, vitumbua na chapati mbili, ni mlo kamili ambao hatuuhesabu kama mlo.

MkaziWaTabata alijibu:

Shikamoo Mwalimu, na ahsanteni sana nyote. Nimepata zaidi ya dakika kumi na sasa tatizo langu ni kupunguza. Nimeamua kwamba mashua nitaitaja mwanzoni ili wale wazee wawili wanyamaze, pamoja na maelezo ya Fundi kuhusu ngalawa, kwa sababu mmoja wao alikuwa mvuvi na ndiyo lugha atakayoielewa. Pushapu nimeijaribu kama ulivyotuagiza, Fundi: kwa dakika moja nilifikisha 11, na zile mbili za mwisho mke wangu amekataa kuzihesabu.

Muda mwingi nitautumia kwa kiti. Leo asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilisimama sebuleni nikashika mgongo wa kiti na kurudisha mguu nyuma kama MamaKimara alivyoeleza, mara kumi kila upande, kisha nikakaa na kusimama bila kutumia mikono. Nilipofika mara ya saba kiti, ambacho ni cha plastiki, kiliteleza juu ya vigae nikaketi sakafuni, na mjukuu wangu wa miaka minne akadhani huo nao ni mchezo, akaketi pembeni yangu akiniambia, "Babu, tena." Tukarudia mara tatu. Kesho atakuwa macho kabla yangu, hilo nalijua. Kile cha plastiki nimekirudisha barazani, na kile cha mninga cha marehemu baba nimekiegemeza ukutani.

Muuguzi, habari ya vijiko vinne nimeisoma nikiwa ofisini, saa nne na robo, kikombe kikiwa mkononi. Nitapima Ijumaa.